Breka Iliyokuwa Sahihi

Mmeniomba, ninyi mnaobaki karakana, niandike machache kuhusu kazi kabla sijaanza kusahau. Vyeo sitavitaja maana havikuwa vingi, na mishahara ya pale mnaijua wenyewe. Nitaandika kuhusu breka za umeme. Hakuna hata mmoja wenu ambaye hajawahi kuniuliza, "Dada Gaude, hapa tufunge ya ngapi?" Jibu nitalitoa. Ila kwangu jibu hilo halitoki peke yake, hutoka na jina la Osmunda, kwa hiyo mnivumilie.

Nilifika karakana nikitokea chuo cha ufundi, msichana mwembamba ndani ya ovaroli ya kiume niliyoikunja miguuni na kuifunga kamba kiunoni. Karakana wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka, hapa hapa Songea mjini, kimejaa marobota ya waya na harufu ya risasi ya kuchomelea. Fundi mkuu alikuwa marehemu Bosko Mapunda. Hakuuliza cheti changu. Aliokota kipande cha waya ulioungua, akanipa ninuse, kisha akataka kujua unanukaje. Nikasema unanuka kama samaki aliyeoza. Akaniambia siku nitakayoingia nyumba ya mtu nikasikia harufu hiyo, na jikoni hakuna samaki, nizime umeme kwanza, shikamoo baadaye.

Wateja walikuwa wakiniona mlangoni wanachungulia nyuma ya bega langu na kuuliza fundi yuko wapi. Baba Mapunda, ndivyo nilivyomwita tangu wiki ya kwanza, alikuwa na jibu lake. Aliwaambia fundi ndiye huyo, yeye amekuja kumbebea ngazi tu. Na kweli ngazi alikuwa ameibeba. Baada ya miaka michache watu waliacha kuuliza.

Nyumba nyingi wakati ule zilitumia fyuzi za waya. Fyuzi ikiungua mwenye nyumba anaweka chochote kinachong'aa. Tumekuta misumari, tumekuta karatasi za pakiti za sigara, na nyumba moja tulikuta mpini wa kijiko cha chai. Mama mwenye nyumba alifurahi sana kukiona, alikuwa amemsingizia mdogo wa mumewe.

Breka zilipoenea watu walidhani mambo yamekwisha. Kumbe upumbavu ulihama tu. Breka ikikata, mtu haulizi kwa nini imekata, anakwenda dukani kununua kubwa zaidi. Baba Mapunda alitufundisha kuanza na waya. Kwanza jua mzigo, taa ngapi, pasi, jiko, mota. Kisha chagua waya unaoweza kubeba mzigo huo bila kupata moto. Breka ndiyo inakuja mwisho, na ikae katikati: isiwe ndogo kuliko mzigo, isiwe kubwa kuliko uwezo wa waya. Taa ni waya wa milimita za mraba moja na nusu, breka ya ampia sita au kumi. Soketi ni waya wa mbili na nusu, breka ya ishirini. Jiko au hita kubwa ya kuogea ni waya wa sita, breka ya thelathini na mbili. Mkiona breka ya sitini na tatu imeshikana na waya wa mbili na nusu, hapo hakuna breka. Hapo kuna kiberiti kinachosubiri.

Halafu kuna ile herufi kabla ya namba, ambayo wengi mnairuka. Hiyo nilijifunza njia ya Namtumbo, kwa mzee mmoja aliyeitwa Saidi, mkulima wa tumbaku aliyenunua mashine ya kusaga. Kila akiwasha mashine breka inakata, na akina mama wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi. Alishashauriwa aweke kubwa, na alikuwa nayo tayari mfukoni. Baba Mapunda alimwomba aiache kwanza mfukoni. Akakaa juu ya gunia, akawa anasikiliza mota ikiwashwa, ikikata, ikiwashwa tena. Mota inapoanza huvuta umeme mwingi sana kwa muda mfupi, halafu inatulia. Breka iliyofungwa pale ilikuwa ya herufi B, ya nyumbani, isiyovumilia mshtuko wa namna hiyo. Namba ilikuwa sawa na waya ulikuwa sawa. Tuliweka ya namba ile ile yenye herufi D, na mashine ikasaga hadi jioni. Mzee Saidi alisema alhamdulillahi, akatupa jogoo. Jogoo alitutoroka stendi na hatukumwona tena, lakini nia ilikuwa njema. Kwa hiyo B ni nyumbani, C ni maduka yenye mafriji na mota ndogo, D ni mashine nzito na za kuchomelea vyuma. Breka ya bandia nayo haina herufi wala namba, hata kama imeandikwa vyote. Ishike mkononi, nyingi ni nyepesi kama ganda la kiberiti.

Neno moja baba Mapunda alilirudia kiasi cha kutuchosha. Alisema breka ni mlinzi wa waya, si mlinzi wa mtu. Tuliitikia kama watoto wa katekisimu wanavyoitikia.

Osmunda alikuwa binti yake, mtoto pekee aliyebaki baada ya mama yake kufariki. Alikuwa akimletea baba yake chakula cha mchana akitoka shule, ugali na maharage ndani ya kitambaa, na hakuondoka hadi aone bakuli limekuwa tupu. Alimwita "Dadi", yaani baba kwa Kingoni chetu, na mimi aliniita dada. Alipokua akawa fundi cherehani sokoni. Siku moja alinizungushia futi yake ya kupimia nguo pale pale karakana, mbele ya wanaume wote, akasema ameaibika vya kutosha na lile gunia ninalovaa. Ile ndiyo ovaroli ya kwanza iliyonikaa mwilini. Akaolewa na Method, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole anayesikiliza kuliko kusema. Wakapanga nyumba Mshangano, nyumba nzuri ya vyumba viwili, yenye mahindi nyuma na hita ya kuogea bafuni.

Mnajua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Osmunda alifurahia hita ile kama mtu aliyenunua gari. Baba yake alikwenda kuwatembelea mara kadhaa, lakini alikwenda kama mkwe. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akaaga. Mzee wa Kingoni haendi kuchungulia bafu la binti yake aliyeolewa, hata awe fundi wa umeme wa mkoa mzima.

Habari ilinikuta juu ya ngazi, kwenye ghala la mahindi tulilokuwa tunalifungia taa. Ilikuwa asubuhi, Method ameshakwenda shuleni. Jirani alisikia maji yanamwagika bila kukoma, akaita, akaita tena, wakavunja mlango. Aliyenipigia simu hakujua kusema. Alisema tu, "Dada Gaude, njoo, usimwambie mzee." Nilishuka na kumkuta mzee ameshaambiwa na mtu mwingine. Alikuwa amesimama katikati ya ghala ameshika plaizi, anatafuta mahali pa kuiweka.

Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwogesha Osmunda. Alikuwa kama amelala. Kwenye kiganja cha mkono wa kulia kulikuwa na alama ndogo nyeupe, ngumu, kama punje ya hindi. Wenzangu waliipita. Mimi nilijua ni nini, na nilijua alishika nini: koki ya chuma ya kufungulia maji. Nilikifunga kile kiganja taratibu. Kazi hii inakufundisha kusoma, na kuna siku unatamani ungekuwa hujui kusoma.

Makaburini, kaburi lilipokwisha kufukiwa na padri amekwisha kubariki, Method alimsogelea mkwewe. Watu walidhani anataka kumpa pole. Alimuuliza kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi ambaye hajaelewa somo.

"Baba, mbona breka haikukata?"

Baba Mapunda alimtazama, kisha akageuka kuzitazama koleo.

Tulipomaliza kuanua tanga alinifuata nyumbani kwangu. Alikataa kiti. Aliniambia nichukue bisibisi na kipimo, twende kwa Osmunda. Alisema hivyo hivyo, kwa Osmunda, kana kwamba tutamkuta.

Method alitufungulia mlango akabaki barazani. Bodi ya umeme ilikuwa ukutani kwenye korido. Baba Mapunda alinyanyua mkono kuifungua, akaushusha. Akaniambia nifungue mimi, nimsomee.

"Ya hita ni ya ngapi?"

"Thelathini na mbili. Herufi B."

"Waya?"

"Wa sita."

"Ni feki?"

Niliichomoa nikaipima uzito mkononi. Nikatazama mihuri, skrubu, kila kitu. "Ni ya kweli, baba."

Hakutosheka. Tuliibeba hadi karakana, tukaipitishia umeme mwingi kuliko namba yake, ikakata. Tukarudia, ikakata tena, safi, kama kitabu kinavyosema. Mafundi wengine walikuwa wameacha kazi wanatutazama. Baba Mapunda aliiweka juu ya meza.

"Nilikuwa naomba iwe feki," alisema. "Nilikuwa naomba sana, Gaudensia."

Nilimwelewa. Ingekuwa feki, kungekuwa na muuzaji wa kumlaani. Ingekuwa kubwa kupita kiasi, kungekuwa na fundi wa kumtafuta. Lakini mtu aliyeifunga breka ile aliifunga sawasawa.

Tulirudi Mshangano kutafuta kilichobaki. Ndani ya hita, ule msuko unaochemsha maji ulikuwa umepasuka, umeme unavuja kwenye maji na kwenye koki. Hilo peke yake lisingemuua. Umeme uliovuja ulipaswa kuteremka kwa waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, hadi kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Tukazunguka nyuma ya nyumba. Waya ulitoka ukutani vizuri, ukashuka, ukaishia hewani. Umekatwa. Nondo haikuwepo, pamebaki shimo lenye majani. Jirani alisema waokota vyuma chakavu walipita zamani, hata Osmunda na mumewe hawajahamia, na nyumba zote za mstari ule walizifanya vivyo hivyo. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima asiyejua nondo ile ilikuwa ya nini. Alikuwa amelia msibani kuliko ndugu wengi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo jibu lenu lilipo. Breka ya thelathini na mbili haishtuki mpaka umeme uzidi ampia thelathini na mbili. Mwili wa binadamu hauhitaji hata ampia moja kufa. Sehemu ndogo sana ya ampia moja, ikipita kifuani, inatosha. Kwa breka ile, Osmunda alikuwa mzigo mdogo kuliko taa. Haikumwona. Kinachomwona mtu ni RCD, kile kifaa chenye kitufe cha kujaribia, kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipungua hata kidogo kinakata kabla moyo haujasimama. Kwa nyumba tafuta iliyoandikwa miliampia thelathini. Breka bila RCD na bila ethi ni nusu ya kazi. Nyumba ile ilikuwa na nusu iliyo nzuri.

Method alikuwa bado barazani. Baba Mapunda alikaa karibu naye, akajibu swali la makaburini.

"Haikukata kwa sababu haikuwekwa kwa ajili yake."

"Iliwekwa kwa ajili ya nini?"

"Ya waya."

Method alifikiri. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Na waya ni mzima?"

"Ni mzima," alisema baba Mapunda, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza. Hakulia msibani.

Baada ya hapo alianza kutembea. Alikuwa karibu kustaafu, akastaafu, na kutembea kukaendelea. Alipita Mshangano nyumba kwa nyumba, anabisha hodi, anaomba aone nondo ya ethi. Wengine walidhani msiba umemgusa akili. Wengine walimpa kiti na togwa na kumpa pole, kisha wakamwambia umeme wao hauna shida, unawaka. Hakubishana. Alirudi tena wiki nyingine. Jumamosi nilikwenda naye, yeye akibeba nondo na nyundo, mimi nikibeba kipimo. Mahali pasipo na nondo tulipigilia. Mwenye uwezo wa kununua RCD tulimfungia bila ujira. Alipoulizwa kwa nini anajisumbua alijibu kwamba anatembea kwa ajili ya afya, daktari amesema.

Mama mmoja tuliyemfungia alitutumia ujumbe kwa hasira. Kifaa chetu kinamsumbua, kila akipiga pasi nyumba inazimika, tuje tukiondoe. Tulikwenda. Baba Mapunda alichukua pasi, akaipima, na bati lake lote lilikuwa linavuja umeme. Mama yule alikuwa anapiga pasi akiwa peku kwenye sakafu ya saruji, na mtoto mgongoni. Mzee alitaka kumweleza akashindwa. Alikaa kwenye ngazi ya mlango ameikumbatia ile pasi. Nikaeleza mimi. Yule mama alimshusha mtoto mgongoni akamshika mikononi, akamwangalia kama aliyemwokota sasa hivi. Tukiwa njiani kurudi baba Mapunda alisema, "Kimekata upesi hivyo. Sisi hatukukipata." Nilimpokea nyundo, tukatembea.

Macho yake yalianza kufifia na mikono haikuweza tena kushika bisibisi. Method alikuwa anakuja kumwona kila Jumapili baada ya misa, akimchotea maji na kumkatia kuni. Jumapili moja alikuja, akaiacha chai ikapoa. Mimi nilikuwepo. Mwishowe alitoka kwenye kiti akapiga goti, akasema amepata mwenzi, msichana wa Mbinga anaitwa Leokadia, lakini hatamchukua bila ruhusa ya baba.

Baba Mapunda alimwambia asimame, sakafu ni baridi. Akasema mtu hakuumbwa akae peke yake, na Osmunda asingependa kumwona anakonda. Alisema yote hayo vizuri. Kisha akauliza kama nyumba ni ile ile. Ni ile ile, Method hakuweza kuiacha. Wakaoana, na majirani wakamweleza Leokadia kilichotokea bafuni mle. Method alikuja kutuambia kwamba tangu kuolewa kwake haingii bafuni, anaoga kwa ndoo nyuma ya nyumba, maji ya baridi, mwezi wa saba.

Tulikwenda katikati ya wiki, asubuhi, shule zikiwa zimefungwa. Leokadia alitupokea kwa shikamoo ya magoti na hakujua aangalie wapi. Alikuwa mdogo, na alimwogopa yule mzee kama anavyoogopwa mtu aliyekuja kudai kitu chake. Baba Mapunda hakukaa sebuleni. Alipita korido moja kwa moja hadi mlango wa bafu, akasimama pale, akaingia.

Mikono ilikuwa yangu, macho nayo, lakini kazi ilikuwa yake. Hita mpya, waya wa sita, breka ya thelathini na mbili, RCD juu yake. Nondo mpya tuliipigilia ndani ya korido, chini ya sakafu, mahali ambapo mwokota vyuma angelazimika kubisha hodi kwanza. Alinitaka nipime ethi, nikapima. Akataka nipime tena. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia, nyumba ikazimika, nikawasha, akasema bonyeza tena.

Tulipomaliza nilimwita Leokadia. Alikuja hadi mlangoni akasimama, mkono kwenye fremu. Alisema asante mara nyingi lakini miguu haikusogea. Method alimwambia kwa upole kwamba sasa ni salama. Alitikisa kichwa, akaanza kulia, akaomba radhi kwa kulia.

Baba Mapunda alimwomba taulo.

Nilimwambia, "Baba, acha, nitajaribu mimi." Hakunisikia, au alinisikia. Aliingia akafunga mlango. Tulisikia anavua viatu, tukasikia maji yanafunguka. Mimi, Method na Leokadia tulisimama koridoni tumebanana kama watu wanaosubiri kuitwa. Maji yalimwagika. Alikaa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuoga. Mara moja nilidhani nimesikia anaongea, kwa Kingoni, polepole, lakini maji yalikuwa juu ya sauti yake. Method aliweka paji la uso ukutani.

Maji yalifungwa. Alitoka amevaa, shati limemng'ang'ania mgongoni, nywele zake nyeupe zinadondosha maji, macho mekundu. Alimkabidhi Leokadia taulo kwa mikono miwili.

"Maji ni ya moto vizuri, mwanangu," alimwambia. "Ingia ukaoge."

Leokadia alimtazama, akaingia. Sisi watatu tulitoka tukakaa barazani kwenye jua, tukasikiliza maji yakimwagika hadi alipomaliza na kutoka.